Miti iliponea wapi zama za barafu

Jamani tangu nianze kusoma habari za miti na zama za barafu siwezi tena kupita karibu na mti mkubwa bila kusimama, nawaza tu ukoo wake uliponea wapi. Maana kama miaka 21,000 iliyopita barafu ilifunika Skandinavia yote na sehemu kubwa ya Uingereza, na huko Ulaya ya kati isikofika palikuwa baridi, pakavu, nyasi na upepo. Mialoni, ile miti Waingereza wanaita oak, ikabaki vijisehemu tu huko kusini, Hispania, Italia na Balkani, kwenye mabonde ya milima yenye unyevu, na hapo ndipo raha ilipo, hali ya hewa ikibadilika mbegu zinaota juu kidogo au chini kidogo mlimani, ukoo unapona bila safari ndefu.

Wanasayansi wamejuaje? Chavua bana, ule unga wa maua! Inazama kwenye tope la ziwa na inakaa maelfu ya miaka bila kuoza, wanachimba wanasoma tabaka kwa tabaka. Halafu kuna DNA ya kloroplasti, vile vichembe vya kijani ndani ya majani, kwa mialoni hiyo inatoka upande wa mama, yaani inafuata mbegu yenyewe ilikopita, na ndo ikaonekana mialoni mingi ya Uingereza asili yake Hispania. Nilisoma hapo mara mbili mbili!

Kinachoniuma, misitu hiyo ya kusini ndo imebeba koo ambazo hazikuwahi kupanda kaskazini, na sasa hivi ndo inayopigwa na ukame na moto.