Kibanio cha nguo cha kilo 13 na nusu

Nachonga kwa mbao vitu vya kawaida vya nyumbani, vikubwa mara nyingi kuliko vyenyewe. Naanza na kijiko, maana kijiko ndicho kilichonitia adabu.

Fundi mmoja wa miaka mingi kazini alinishauri hivi: "Chukua gogo zima, bichi, uchonge. Kuunga mbao ni kazi ya wavivu." Nikamsikiliza. Siku kumi na moja za patasi na nyundo, nikapata kijiko kirefu kuliko mimi, bakuli lake paka angelala na kujinyoosha. Nikakiegemeza ukutani, nikaenda kulala najiona bingwa. Usiku wa manane nikasikia pa! Nikadhani kuna kitu kimeanguka jikoni. Asubuhi nikakuta ufa umeanzia kwenye kiini cha gogo, umekata bakuli katikati na kushuka hadi shingoni. Vidole viwili vinaingia bila kusukuma. Mti mbichi ukikauka husinyaa, na kuufuata mduara wa pete zake husinyaa karibu mara mbili ya unavyosinyaa kutoka kiini kwenda gomeni. Gogo lenye kiini chake ndani halina njia nyingine ila kupasuka. Nilipomwonyesha yule fundi, akasema, "Ungepaka mafuta." Nilinyamaza, na mpaka leo nimenyamaza.

Kazi ya pili ikawa kibanio cha nguo, kile cha mbao chenye springi katikati. Nilikitoa kambani kimoja kikongwe, nikakipima: urefu sm 7.2, upana sm 1. Nikaamua kukikuza mara 15, kwa sababu kingepita mlangoni na kwa sababu 7.2 mara 15 ni 108 kamili, hesabu isiyo na mkia. Uzito sikuuwazia. Mbao za kile kidogo zina gramu 4 tu, lakini ukikuza urefu, upana na unene vyote mara 15, uzito unapanda mara 3,375. Ndiyo hizo kilo 13 na nusu. Aliyeniambia kitakuwa chepesi kama kiti aje akipandishe ngazi.

Safari hii niliunga. Mbao kavu za sm 3, nne nne kwa kila upande, pete zikitazamana kinyume ili kila ubao umzuie mwenzake asijikunje. Jiriwa, vile vyuma vya kubania mbao, nilikuwa nazo tatu na kazi ilitaka kumi. Nikafunga kamba kuzunguka rundo zima, nikapenyeza kijiti chini ya kila kamba na kukisokota mpaka kamba ikalia, kisha kabari ndogo pale palipobaki mwanya. Gundi ilitoka pembeni kama jasho. Ukiona gundi haitoki, ujue hujabana. Na usizidiwe na furaha ukaifuta ikiwa bado mbichi. Itajipaka kila mahali na rangi haitashika. Ngoja igande kidogo, uikwangue kwa patasi.

Nikachonga, nikapata kitu kisicho na kosa na kibaya vilevile. Kilifanana na sanduku. Niliweka kile kidogo kando yake, nikavitazama siku mbili, ndipo nikaelewa: kingo za kile kidogo nazo zina mviringo, labda wa nusu milimita, jicho linauona bila kujua. Mara 15, huo ni karibu sm 0.8, na mimi nilikuwa nimeacha kingo kali kama za kabati jipya. Nikazila kwa randa. Nyuzi za mti nazo haziwezi kukuzwa, zinabaki zilezile, kwa hiyo chagua mti uliokua haraka wenye pete pana. Mimi nilitumia msonobari. Kisha nikahamisha kila kasoro: mikwaruzo ya msumeno wa kiwandani, kona iliyomeguka, hata alama ya jino la mtu aliyekishika mdomoni huku akianika. Lile jino lilinichukua alasiri nzima, likawa shimo la kuingia ngumi.

Springi sasa. Waya wa mm 1.5 unakuwa nondo ya sm 2.25, na sikuwa na nguvu wala wazimu wa kukunja chuma cha unene huo. Mchongaji Claes Oldenburg alisimamisha kibanio cha chuma mjini Philadelphia, Marekani, mwaka 1976, kirefu zaidi ya mita 13, lakini yeye hakuwa anafanyia kazi kwenye kibaraza. Nikakereza mche wa mbao wa kipenyo cha sm 9, nikachora mistari, nikachonga mizunguko sita mizuri ajabu. Mtoto wa jirani akaja, akainamisha kichwa, akasema, "Hizo ni bangili." Alikuwa sahihi. Nilichora pete sita zilizopangana, haziungani popote! Mche ukaenda kuwa kuni.

Mche wa pili nilitumia gazeti. Unaunga kurasa na kukata pembetatu yenye pembe mraba: kimo sm 13.5, kitako sm 170, yaani mzingo wa mche mara sita. Unalaza upande wa kimo juu ya mche, kitako kikifuata ukingo wa chini, unaviringisha. Ule upande wa mshazari unapanda wenyewe, unazunguka mara sita, umeshachora springi. Sikuamini macho yangu, nikaifungua na kuiviringisha tena kwa raha tu. Angalia kwanza springi yako inazungukia wapi. Ukigeuza pembetatu, mzunguko nao unageuka. Baada ya hapo ni msumeno mwembamba kufuata mstari, na tupa, na tupa tena. Rangi nyeusi isiyong'aa, ikikauka unaisugua kwa unga wa penseli na kitambaa. Watu wanaigonga kwa kucha kuhakikisha kama ni chuma.

Hakibani chochote, maana pande mbili zimeshikwa na boliti iliyofichwa ndani ya springi. Mikono ya springi niliichonga peke yake, kisha nikaigundisha.

Nilidhani wageni wataisifia springi. Wanaigonga mara moja, wanaiacha, wanaingiza ngumi kwenye lile shimo na kuniuliza hapa paliingia nini. Nami nafungua mdomo, nawaonyesha jino.