Mpira ulikuwa unapotelea kwenye nyasi: nilivyopata HD ya kweli bandani kwangu Mbagala

Mwambie fundi dishi yeyote wa Dar kwamba picha yako haiko safi, jibu analo mdomoni kabla hujamaliza: "Dada, dishi lako dogo." Nimeambiwa hivyo Mbagala, nimeambiwa Temeke, nimeambiwa Kariakoo na muuzaji ambaye hata dishi langu hajaliona. Nina banda la kuonyesha mpira, nalipia kifurushi cha biashara, na watu wangu wanatoa hela yao mlangoni wakitegemea kuona mechi. Naandika kwa sababu nimechoka kuona wenzangu wenye mabanda wakiuziwa madishi makubwa kwa ugonjwa ambao dishi haliutibu.

Shida yenyewe ilikuwa hivi. Kamera ikimsogelea mchezaji, picha safi kabisa, unaona mpaka jasho. Kamera ikirudi nyuma kuonyesha uwanja, nyasi zote zinageuka bapa moja la kijani, miguu ya wachezaji inazungukwa na vijimraba, na mpira ukipigwa pasi ndefu unatoweka njiani. Kuna mzee mmoja anakaa mstari wa mbele kila wikiendi. Siku moja ya dabi aliniita taratibu: "Mwanangu, mimi naona watu wanakimbia tu. Mpira siuoni." Macho yake ni mazima. Nikasimama pembeni yake nikatazama, na kweli mpira haukuwepo.

Fundi akaja na suluhisho lake: toa dishi la sentimita 90, funga la mita 1.8. Laki tatu na ushee, pamoja na nguzo na saruji. Lilipandishwa na vijana wanne, na kulitega ikawa kazi ya mchana mzima, kwa sababu dishi kubwa mwale wake ni mwembamba. Ukilisukuma kidogo tu umeikosa satelaiti. Magharibi ilipoadhiniwa ndiyo kwanza mstari wa ubora wa mawimbi kwenye kisimbuzi ukapanda, kutoka sabini na kitu mpaka zaidi ya tisini. Fundi akashuka kwenye ngazi amefurahi, akaupiga picha ule mstari kwa simu yake. Tukawasha mechi ya marudio. Nyasi bapa, vijimraba vilevile, mpira umepotelea palepale. Akakaribia ukuta, akatazama, akasema, "Sasa hapa tubadilishe LNB," yaani kile kichwa cha mbele ya dishi kinachopokea mawimbi. Nikamwambia hapana, kaka, tuishie hapa.

Yale matangazo ni ya dijitali. Dar yalizimwa ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, na tangu siku hiyo zile chenga za zamani, ambapo antena ikiyumba picha inafifia polepole, hazipo tena. Biti, zile sifuri na moja zinazobeba picha, zikifika salama, unapata kilichorushwa chote. Zikishindwa kufika, picha inaganda au inakata. Hapo katikati hakuna nafasi ambayo dishi kubwa linaweza kuikalia na kuipamba picha. Ule mstari wa ubora unakuambia kama biti zinafika. Haukuambii zilirushwa ngapi, na shida yangu ilikuwa hiyo idadi ya biti.

Kila satelaiti ina transponda, yaani njia zake za kurushia matangazo, na transponda ya kawaida ina upana wa megahezi 36 hivi. Upana huo una kikomo chake cha kubeba, na kikomo hicho hakibembelezwi: Claude Shannon alikionyesha kwa hesabu mwaka 1948, kwamba uwezo wa njia unategemea upana wake na nguvu ya mawimbi ukilinganisha na kelele. Kwa mfumo wa zamani wa kurusha kwa satelaiti, DVB-S, kwenye mpangilio uliozoeleka wa 27,500 (kasi ya alama) na FEC ya 3/4 (robo ya biti ni za kurekebisha makosa), unapata kama megabiti 38 kwa sekunde. DVB-S2, uliopitishwa 2005, unaongeza karibu asilimia 30 kwenye njia ileile. Basi. Picha ya HD, ile yenye nukta (vidoa vinavyounda picha) nyingi kuliko ya kawaida, inavyotoka studio kabla ya kubanwa ni zaidi ya megabiti 1,400 kwa sekunde, kwa hiyo lazima ibanwe sana, na swali linabaki ni sana kiasi gani. Hapo mwenye transponda anakuwa sawa na mwenye nyumba wa uswahilini anayegawa vyumba: wapangaji wanaongezeka, kodi inaongezeka, ukuta wa nje uko palepale, na kila chumba kinapungua. Ukiona tangazo la "chaneli mpya zaidi" na husikii habari ya transponda mpya, ujue kuna mtu kapunguziwa chumba.

Sasa nilijuaje kwamba aliyepunguziwa ni mimi? Hapa ndipo ninapojivunia, kwa sababu hakuna fundi aliyenifundisha.

Kila mwenye simu anajua kwamba video ikiwa kwenye ubora wa juu inakula bando haraka, ukiishusha bando linadumu. Nikajiuliza: hii chaneli ninayotazama inakula kiasi gani? Kisimbuzi hakisemi. Lakini kisimbuzi changu kinaweza kurekodi kwenye diski ya nje. Mtoto wa kaka yangu, anayesoma mambo ya kompyuta, akaniwahi: "Shangazi, hilo faili limefungwa, hulifungui kwenye laptop." Nikamjibu sina haja ya kulifungua. Menyu ya kisimbuzi inaonyesha nafasi iliyobaki kwenye diski. Soma kabla, rekodi saa nzima, soma baada. Tofauti yake ndiyo uzito wa chaneli, maana kisimbuzi kinahifadhi biti kama zilivyoshuka kutoka angani, hakizibani upya.

Hesabu tuliifanya naye nyuma ya risiti ya Luku. GB moja ni megabiti 8,000. Saa moja ni sekunde 3,600. Kwa hiyo kila GB 1 iliyoliwa kwa saa ni megabiti 2.2 kwa sekunde. Kumbuka hiyo 2.2, mengine yote ni kuzidisha.

Tukaanza na chaneli ya kawaida, isiyo HD: kama GB 0.8 kwa saa, yaani megabiti 1.8 hivi. Sawa, haijidai. Tukaja kwenye chaneli niliyokuwa nawaonyeshea watu wangu mechi, ile yenye herufi HD kwenye kona ya juu: GB 1.5. Nikadhani tumesoma vibaya, tukarudia siku nyingine, ikaja karibu na hapohapo. Megabiti 3.3 kwa sekunde, halafu mpira wa miguu! Kisha tukarekodi chaneli nyingine ya HD kwenye kifurushi kilekile, kwa bei ileile ninayolipa, nayo inaonyesha mechi za ligi ileile. GB 3.3. Zaidi ya megabiti 7. Mtoto aliruka kwenye kiti.

Nirudi kwenye mpira wa yule mzee, maana ukiufuatilia kwa namba unaelewa kila kitu. Mpira una kipenyo cha sentimita 22. Kamera ya juu ikichukua kipande cha uwanja cha mita 50, picha ya kawaida yenye nukta 720 kwa upana inaupa mpira nukta tatu. Tatu tu! Picha ya HD yenye nukta 1920 inaupa nane. Lakini kinachobana picha kinaikata kwanza vijimraba vya nukta 16 kwa 16, na kila kimraba kinapewa biti zake. Biti zikiwa haba, mashine inatupa kile inachoona ni kidogo. Kimraba chote ni nyasi na ndani yake kuna kidoa cheupe, basi kidoa kinayeyushwa na nyasi. Kwa hiyo unaweza kuwa na nukta zote za HD, milioni mbili na zaidi, mara tano ya picha ya kawaida, na mpira bado usiuone. Chaneli ya HD yenye njaa inaweza kushindwa na chaneli ya kawaida iliyoshiba.

Angalizo moja: usilinganishe uzito wa chaneli za mifumo tofauti ya kubana. MPEG-2 inahitaji karibu mara mbili ya biti ambazo MPEG-4 ya 2003 inahitaji kwa picha ileile, na HEVC ya 2013 inahitaji nusu ya hiyo MPEG-4. Chaneli zangu zote tatu zilikuwa MPEG-4.

Tulipima pia kwa saa tofauti, na hili wengi hawaliamini nikiwasimulia. Chaneli nyingi kwenye transponda moja haziwi na fungu la kudumu. Kuna mashine inayogawa biti kila wakati kulingana na nani anahitaji: msomaji wa habari aliyekaa anapewa kidogo, mechi inapewa nyingi. Ni utaratibu mzuri mpaka Jumamosi saa 11 jioni, wakati chaneli zote za transponda hiyo zinaonyesha mechi kwa pamoja. Hapo wote wana njaa na hakuna wa kumkopa. Ndiyo maana dukani unaonyeshwa picha nzuri ajabu saa 4 asubuhi, kisha nyumbani wikiendi unalia.

Basi nikaihamisha mechi kwenye chaneli nzito. Ikazuka kesi nyingine: watangazaji wanaongea Kiingereza, na banda la Mbagala halitaki Kiingereza kwenye penalti. Watu walianza kunung'unika, mmoja akasema nirudishe chaneli ya zamani hata kama mpira hauonekani. Nikakumbuka kwamba sauti haina uzito, inakula kilobiti mia na kitu tu, hivyo kwenye chaneli moja wanaweza kuweka lugha zaidi ya moja bila picha kuumia. Nikabonyeza kitufe cha sauti kwenye rimoti, nikateremka orodha, Kiswahili kilikuwa pale. Kimekaa kimya muda wote huo, hakuna aliyewahi kukifungua! Banda zima lilipiga makofi. Kwenye kona ya kwanza yule mzee alinyoosha kidole ukutani akaufuata mpira mpaka kwenye kichwa cha beki.

Mengine ni madogo. Tumia waya wa HDMI. Kwenye zile waya tatu za rangi, ule wa njano wa picha haupitishi HD hata ukinunua wa bei gani. Kwenye mipangilio ya kisimbuzi weka 1080i, ambayo ni picha ya HD, vingine vinatoka dukani vikiwa chini ya hapo. Projekta, usiamini kilichoandikwa kwenye boksi kwamba "inakubali 1080". Uliza nukta zake zenyewe za ndani ni ngapi, maana za bei chee nyingi ni 800 kwa 480, zinaipokea HD na kuisaga. Yangu ni mtumba, laki nane hivi, lakini ni 1920 kwa 1080 ya kweli, na kwenye ukuta wa mita tatu kila nukta ni milimita moja na nusu.

Dishi lina kazi yake, nayo ni mvua. Visimbuzi vingi hapa mjini vinatazama satelaiti za Eutelsat. Ya nyuzi 36 mashariki kwa Dar iko karibu utosini, ya nyuzi 7 mashariki kwetu inaonekana upande wa magharibi, kidogo juu ya nusu ya anga. Hii ya magharibi mawimbi yake yanapita kwenye mvua ndefu zaidi kabla ya kukufikia, na huzibwa kirahisi na mwembe wa jirani au ghorofa jipya. Kata tawi kabla ya kununua dishi, na jeki za waya zifunge tepu ya mpira vizuri, chumvi ya Bahari ya Hindi inazila. Hilo la mita 1.8 limenipa akiba ya kusubiri wakati wa masika, sikatai, lakini lile la 90 likitegwa sawasawa lilikuwa linatosha kwa siku za kawaida.

Na HD hukata mapema kuliko kawaida, kwa sababu mara nyingi hurushwa kwa 8PSK, inayobeba biti tatu kwa kila alama badala ya mbili za QPSK, na hiyo inataka mawimbi safi zaidi. Kwa hiyo wingu likianza kujikusanya upande wa magharibi, nafungua kwanza ile chaneli ya kawaida ya mechi hiyohiyo, kisha narudi HD. Sasa zote mbili ziko kwenye kitufe kimoja cha kurudi nyuma. Picha ikianza kushtuka nabonyeza mara moja, tunaendelea na kawaida, mvua ikipungua nabonyeza tena.