Sidii ya dola 100

Kibanda changu hapa Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya, kina kompyuta moja, spika mbili na kopo la Blue Band lililojaa flashi za wateja. Dereva akingoja karatasi zake zigongwe mhuri forodhani, mimi namwekea nyimbo za kumfikisha Juba. Siku moja nilikuwa napiga kwa sauti nyimbo za Nipsey Hussle, rapa wa Marekani, dereva mmoja Mweritrea akachungulia dirishani.

"Huyo ni Ermias, bwana. Ermias Asghedom. Wa kwetu."

Nikajua ni yaleyale, kila mtu maarufu ni ndugu ya mtu. Kumbe kweli. Baba Mweritrea, mama Mmarekani mweusi. Kazaliwa Los Angeles tarehe 15 Agosti 1985, kakulia mtaa wa Crenshaw, kaingia genge la Rollin' 60s akiwa bado kijana mdogo. Mwaka 2004 baba yake akampeleka Eritrea na kaka yake, wakakaa miezi mitatu. Dereva wangu alinogewa hapo. Habari za genge aliziruka kama anayeruka dimbwi.

Mimi kilichoninasa ni biashara. Mwanzoni sidii zake aliziuza kwa mkono, kutoka kwenye buti ya gari, pale zinapokutana barabara za Slauson na Crenshaw. Kampuni ya muziki ya Epic ikamchukua, mambo hayakwenda, mwaka 2010 akatoka na kusimama na lebo yake, All Money In. Halafu Oktoba 2013 akafanya jambo ambalo hunijia kila nikipiga hesabu za jioni. Mikstepu yake (mkusanyiko wa nyimbo, si albamu rasmi), Crenshaw, unaipakua bure intaneti. Ukitaka sidii yenyewe, zipo nakala 1,000 tu, kila moja dola 100. Kwa shilingi zetu za Uganda za wakati ule, karibu 250,000! Siku haikuisha, zikaisha. Rapa Jay-Z peke yake alibeba 100.

Mimi najaza flashi nzima kwa 2,000 na bado naambiwa ni mwizi. (Hapo sibishi sana. Wasanii wenyewe sijawahi kuwalipa.)

Victory Lap, albamu yake ya kwanza kamili, ilitoka Februari 2018 ikateuliwa kuwania tuzo ya muziki ya Grammy. Tarehe 31 Machi 2019 akauawa kwa risasi mbele ya duka lake la nguo, palepale Slauson.

Dereva yule alipopita tena alitaka flashi ya Ermias mtupu. Nikamwambia leo bei ni dola 100. Akacheka, akaweka noti ya 5,000 mezani, akakinga mkono apewe chenji.