Kumfuata Marie Fel hadi Saint-Quentin

Anayefika Paris akitafuta habari za opera ya kale, kwa kawaida huelekezwa Versailles. Mimi nilikwenda Gare du Nord nikapanda treni ya Saint-Quentin, mji ambao watalii hawana habari nao. Ni safari ya saa moja na nusu hivi. Ukishaipita Compiègne na Noyon, kinachobaki dirishani ni mashamba tambarare na mawingu.

Niliyekuwa namfuata ni Marie Fel, mwimbaji wa opera wa karne ya 18. Alizaliwa Bordeaux mwaka 1713, binti wa mpiga kinanda wa kanisa, akapanda jukwaa la Opera ya Paris mwaka 1734 na kuimba pale hadi 1758. Sisi wa kwaya tungemweka sauti ya kwanza. Wimbo wa mtunzi Rameau ulionifanya nimtafute unaitwa “Tristes apprêts”, kutoka opera yake Castor et Pollux. Opera hiyo iliporudishwa jukwaani mwaka 1754 ikiwa imefanyiwa marekebisho, Fel alikuwa Télaïre, mwanamke anayemlilia mpenzi wake aliyeuawa vitani. Nota zake ni chache, na mwendo ni wa taratibu mno. Anayeimba kwaya anajua kwamba nyimbo za namna hiyo ndizo zinazomuumbua mtu: pumzi ikikatika, kila mmoja kanisani amesikia.

Kutoka stesheni unavuka daraja, kisha unaupanda mtaa wa Rue d'Isle hadi uwanja wa mji. Majengo mengi ni ya baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Wajerumani waliukalia mji huu tangu 1914, wakawahamisha wakazi wote mwaka 1917, na vita vilipokwisha sehemu kubwa ilikuwa kifusi. Jumba la makumbusho la Antoine-Lécuyer, ambamo imo picha ya Fel niliyoijia, nalo lilibomoka, likajengwa upya na kufunguliwa mwaka 1932. Picha zilipona kwa sababu Wajerumani walizipeleka Maubeuge, wakazitundika katika lililokuwa duka, lenye jina la Au Pauvre Diable, yaani Kwa Maskini wa Mungu. Nilicheka peke yangu niliposoma hilo: mabwana na mabibi wa enzi ya Louis wa 15, wamevaa hariri, wanakaa vita vizima katika duka la jina hilo.

Mchoraji ni Maurice Quentin de La Tour, mzaliwa wa hapa. Alichora kwa pasteli, chaki laini za rangi ambazo ukizigusa zinabaki kidoleni, na ndiyo maana vyumba vina mwanga hafifu na kila picha iko nyuma ya kioo. La Tour na Fel walipendana kwa miaka mingi. La Tour alimwita Céleste, wa mbinguni.

Nilipita haraka mbele ya makasisi na wanafalsafa hadi nikamwona. Picha yake ilionyeshwa Paris mwaka 1757, naye ameshavuka miaka 40. Amejifunga kitambaa chepesi kichwani kwa mtindo wa mashariki, macho ni meusi na makubwa. Hakuna jukwaa, hakuna karatasi ya nota, hakuna chochote cha kumwambia mgeni kwamba huyu alikuwa mwimbaji. Nadhani La Tour alifanya hivyo makusudi, na sijui kama nimsifu au nimlaumu.

Siti binti Saad tunaye. Sauti yake ilinaswa kwenye santuri Bombay mwaka 1928, inakwaruza lakini ni yake. Ya Fel haipo popote. Imebidi niitafute kwa mashahidi. Rousseau, mwanafalsafa aliyetunga pia muziki, anasimulia kwamba Grimm, mwandishi Mjerumani aliyekuwa rafiki yake, alimpenda Fel, akakataliwa, akalala kitandani siku kadhaa macho wazi bila kula wala kusema. Halafu kuna Oktoba 1752 huko Fontainebleau, mbele ya mfalme, katika opera ya Rousseau huyohuyo, Le devin du village. Fel aliigiza Colette, msichana wa kijijini aliyeachwa na mchumba. Mwimbaji mwenzake Jélyotte alimwandikia Rousseau kwamba tangu siku ile mfalme haachi kuuimba wimbo wa Colette, kwa sauti mbovu kuliko zote katika ufalme wake. Kwangu huo ni ushahidi mzito kuliko wa Grimm. Mtu kuugua mapenzi ni kawaida. Mfalme asiyejua kuimba akashindwa kunyamaza, hiyo ni kazi ya mwimbaji.

Mwaka 1754, Fel na Jélyotte, wote watu wa kusini, waliimba opera ya mtunzi Mondonville, Daphnis et Alcimadure, kwa lugha ya kwao ya Kioksitani, palepale Paris ambako lahaja za kusini zilichekwa. Ningetoa nauli yote ya treni nizione nyuso za ukumbini.

Alipoacha Opera hakunyamaza. Aliendelea kuimba kwenye matamasha ya Concert Spirituel kwa miaka mingine. Alimfundisha Sophie Arnould, ambaye mwaka 1774 mtunzi Gluck alimpa nafasi ya Iphigénie katika opera yake. La Tour alirudi Saint-Quentin mwaka 1784, mzee wa miaka 80, akafia hapa 1788. Fel alifia Chaillot, karibu na Paris, Februari 1794, Mapinduzi ya Ufaransa yakiwa yamepamba moto, na mfalme Louis wa 16 ameshakatwa kichwa.

Mlinzi wa chumba aliniuliza kama nasomea uchoraji. Nikamwambia naimba kwaya. Alifikiri kidogo, akasema wageni wengi humuulizia La Tour, kisha akanisogezea kiti.