Siku Moja Maishani Mwangu: Kuligeuza Shamba la Ng'ombe Kuwa Kituo cha Farasi wa Mbio

Saa kumi na moja alfajiri huwa nimeshaamka, kwa kuwa farasi wachache waliotangulia kufika hawana habari kwamba ujenzi haujaisha. Kufikia saa mbili wameshalishwa, wamefanyishwa mazoezi na mabanda yao yamesafishwa, na hapo ndipo inapokoma ile kazi ambayo watu huidhania ninaposema kwamba ninafundisha farasi wa mbio.

Kinachofuata ni kubomoa. Zizi la ng'ombe lina paa la chini na milango myembamba, ilhali farasi wa mbio, mwenye uzito wa karibu kilo 500 na mwepesi wa kushtuka, anahitaji chumba chake cha takriban mita 3.6 kila upande, chenye mlango unaofunguka kwa nje na hewa ya kutosha, kwani vumbi la nyasi kavu huyadhuru mapafu yake. Seng'enge zote tunazing'oa, na misumari tunaisaka kwa sumaku.

Saa nne nilimkuta kijana wetu akikusanya mabaki ya chakula cha ng'ombe ghalani.

"Mama, hiki si kitawafaa farasi?"

Nilimwamuru akiache pale pale. Chakula cha ng'ombe wakati mwingine huchanganywa na monensini, dawa isiyomdhuru ng'ombe kwa kipimo chake lakini inayoharibu misuli ya moyo wa farasi hata ikiwa kidogo, kwa hiyo ghala lote lilifagiliwa na kuoshwa, hadi kwenye nyufa za sakafu.

Lori la mchanga wa njia ya mazoezi, lililotarajiwa saa nne hiyo hiyo, lilifika saa tisa kasoro, vibarua wakiwa wamekaa kivulini na malipo yao yakihesabika. Niliagiza mchanga uliooshwa. Nilipoufinyanga mkononi ukashikana kama unga wa chapati.

"Mama, mchanga ni mchanga," dereva alisema.

Nilitia konzi moja katika chupa ya maji, nikaitikisa na kuiweka mbele yake, na baada ya robo saa maji yalikuwa bado ya kahawia. Udongo huo wa mfinyanzi ungeziba kitambaa na kokoto tulizotandaza chini ili maji yapite, kisha jua likiwaka njia ingekauka na kuwa ngumu, na gharama yake ingelipwa na kano za miguu ya farasi. Msimamizi wake, kwa simu, alinikumbusha kwamba farasi walikimbia ardhini tangu zamani. Ni kweli, lakini hawakukimbizwa kwa kasi kila asubuhi juu ya mstari ule ule, wakiwa wamebeba watu. Tulibishana hadi nikapoteza hesabu ya saa, na lori likaondoka na mzigo wake.

Giza lilipoingia nilipitisha kiganja kwenye miguu ya kila farasi nikitafuta joto au uvimbe, nikawapa chakula cha jioni. Mchanga mwingine umeahidiwa keshokutwa. Kesho vibarua watapandisha paa la zizi.