Dakika 21, maswali 12 na kiburi cha mwalimu wa hesabu

Nimefundisha hesabu kwa miaka 6, kidato cha tatu na cha nne, katika shule moja ya binafsi hapa Umoja, Nairobi. Naanza na hilo ili muielewe aibu yangu. Likizo ya Aprili 2024 niliketi mbele ya laptopu ya ndugu yangu mdogo, nikafanya jaribio langu la kwanza la mazoezi ya hesabu za GRE, na saa ikaniishia nikiwa bado nang'ang'ana na swali la 11. Swali la 12 sikuliona hata sura yake. Wala si kwamba hesabu zilikuwa ngumu. Zilikuwa asilimia, uwiano, pembetatu, wastani, mambo ninayoyaandika ubaoni huku nikimwambia kijana wa nyuma aache kula njugu. Nikapata 154, kwenye mtihani ambao alama zake huanzia 130 na kuishia 170.

Ndugu yangu akachungulia kioo cha laptopu. "Sista, si wewe ndiye mwalimu?" Nikamtuma jikoni akaangalie ugali.

Kwa wasioujua, GRE ni mtihani wa kuombea masomo ya uzamili, hasa Marekani, na hutungwa na shirika la ETS. Ulifupishwa Septemba 2023, sasa unachukua saa 1 na dakika 58: insha moja ya dakika 30, kisha sehemu mbili za lugha na mbili za hesabu. Sehemu ya kwanza ya hesabu ni maswali 12 kwa dakika 21, ya pili ni 15 kwa dakika 26. Ukigawanya unapata kama sekunde 105 kwa swali. Vyuo vingi viliacha kuudai baada ya korona, lakini kozi ya takwimu niliyokuwa naitamani bado iliutaka. Ada ilikuwa dola 220, na kwa bei ya dola wakati huo hiyo ilikuwa zaidi ya shilingi 28,000. Mshahara wa mwalimu wa shule ya binafsi mnaujua. Hakukuwa na pesa ya kurudia.

Mama alipopiga simu kutoka Kitui nikamweleza ninachosomea. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwani walimu nao hutahiniwa?" Nikamwambia ndiyo, Mama, na wengine huanguka.

Muhula wa pili ulikuwa uanze tarehe 29 Aprili. Ndipo ikaja ile mvua mnayoikumbuka. Mito ikafurika, watu wa Mathare wakapoteza nyumba na wengine wakapoteza jamaa zao, ufunguzi wa shule ukaahirishwa hadi tarehe 6 Mei, ukaahirishwa tena, tukafungua tarehe 13. Nilipata wiki 2 ambazo sikuziomba na ambazo sikuweza kuzifurahia. Nikazitumia vibaya pia. Siku ambazo barabara zilipitika nilikwenda Maktaba ya Makadara, nikafanya maswali 60 kwa siku bila saa yoyote mbele yangu. Nilijiambia nielewe kwanza, kasi itakuja yenyewe. Kasi haikuja. Nilipojipima tena, maswali 12 kwa dakika 21, nikaacha mawili.

Mwisho wa Mei nilikuwa nasahihisha karatasi za kidato cha nne. Karatasi zetu tunazitunga kwa mpangilio wa KCSE, mtihani wa kitaifa wa kumaliza sekondari: saa 2 na nusu, sehemu ya kwanza maswali 16 ya lazima kwa alama 50, sehemu ya pili maswali 8 ambayo mwanafunzi huchagua 5, kila moja alama 10. Kulikuwa na kijana mmoja, mzuri sana, ambaye swali la 7 lilimshinda. Lilikuwa la alama 3. Alijaza ukurasa mzima, akafuta kwa mistari, akaanza upya pembeni mwa karatasi akishuka kama mtu anayeandika barua ya kuomba msamaha. Kule sehemu ya pili alifanya swali moja na kipande. Nikaandika kwa biki nyekundu neno moja, muda, nikalipigia mstari mara mbili, nikaenda zangu kupika. Nilikuwa nakata sukuma wiki nilipogundua kwamba karatasi ile ingeweza kuwa yangu.

Ngoja niseme kitu kuhusu alama za njia, kwa sababu nadhani ndizo zilizoniponza. Mwongozo wa kusahihisha hesabu hapa kwetu una M na A. M ni ya njia, A ni ya jibu. Mtoto akikosea jibu lakini njia yake ni sawa, M anapewa, na ni haki yake. Nimesoma hivyo, nimefaulu hivyo, na sasa ninalipwa kufundisha hivyo. Ila tabia inayozaliwa hapo ni ya kung'ang'ana. Kila mstari unaoandika unatarajia uambulie chochote, basi kwa nini uondoke? GRE hakuna wa kuisoma njia yako. Karatasi ya rafu unairudisha ukitoka, na hakuna aliyeitazama. Ndani ya sehemu moja, swali lililokunyonya dakika 5 lina uzito uleule wa swali la sekunde 20. Kukosea hakukati alama, kwa hiyo ukiacha nafasi tupu umejinyima hata bahati. Na programu inakuruhusu kuliwekea swali alama ukaendelea mbele, ukalirudia baadaye mradi bado uko ndani ya sehemu hiyohiyo.

Haya yote niliyajua tangu siku ya kwanza. Niliyasoma, nikayatilia mstari. Wanafunzi wangu nawaambia kila wiki: ukikwama, ruka. Ila mimi mwenyewe nilikuwa siruki. Mwalimu wa hesabu akimbie hesabu? Nilihisi kama kuna mtu ananitazama.

Kilichonisaidia ni simu yangu ya zamani, ile mulika mwizi, isiyo na WhatsApp ya kunitafuta. Niliiweka mezani ikihesabu sekunde, na kila nilipomaliza swali niliandika pembeni lilichukua sekunde ngapi. Jibu sahihi au baya sikujali. Jioni ya kwanza nilijumlisha, nikajumlisha tena, maana ndiyo kazi yangu. Maswali 9 yalichukua dakika 10. Maswali 2 yalichukua dakika 11. Moja sikulifikia. Na katika yale 2, moja nilikosa vilevile.

Wiki zote zile nilidhani mimi ni mzito, kumbe maswali 9 nilikuwa nayamaliza kwa kasi kuliko ilivyohitajika. Nilikuwa nakusanya akiba vizuri kabisa, kisha naimwaga yote mahali pawili. Wiki iliyofuata nikaandika sekunde za seti 5 nyingine na picha ilikuwa hiyohiyo. Wakati mwingine wezi wa muda walikuwa 3.

Basi nikajiwekea mpaka wa sekunde 90, lakini si mpaka wa kijinga. Nikifika sekunde 90 na njia naiona, imebaki kukokotoa tu, namaliza. Nikifika sekunde 90 na sijui hatua inayofuata ni ipi, nachagua jibu lolote, naweka alama, naondoka. Kuna tofauti kubwa kati ya kuchelewa na kupotea, na ukijiuliza kwa unyoofu utajua uko wapi.

Kuondoka kwenyewe nilikufanyia mazoezi, na hapa ndugu yangu alinicheka sana. Nilikuwa nafanya seti ya maswali 12 ambamo lazima niache 3, hata kama nayaweza. Siku za kwanza mkono ulikuwa unarudi wenyewe. Nilijikamata nikikokotoa kichwani swali la 4 huku macho yangu yanasoma la 6, na yote mawili nikayakosa. Baada ya kama siku 10 nikaanza kufika swali la 12 nikiwa na dakika 5 mkononi. Na dakika 5 ukiwa umetulia hutosha kabisa kuyarudia maswali 3. Moja kati ya hayo karibu kila mara lilikuwa rahisi, ila nilikuwa nimelisoma vibaya.

Juu ya karatasi ya rafu nilianza kuandika namba 2 tu, 14 na 7. Nikimaliza swali la 4 dakika zilizobaki ziwe 14, nikimaliza la 8 ziwe 7. Mahali pengine pote saa sikuitazama. Hapo awali niliitazama kila baada ya swali, na kuitazama saa nako hula muda, kama mtu anayefunua sufuria kila dakika kuona kama maharagwe yameiva.

Halafu kuna kule kukokotoa kusikohitajika. GRE ina maswali ambayo unapewa viasi 2 na kuulizwa kipi ni kikubwa, basi. Nitunge mfano: 37/75 na 41/81. Mimi, kwa uaminifu wa kazi yangu, nilikuwa natafuta kigawe kidogo cha shirika. Ni 2025. Ya kwanza inakuwa 999 juu ya 2025, ya pili 1025 juu ya 2025, ya pili ni kubwa, dakika karibu 2 zimekwenda, na ningekuwa na biki nyekundu ningejipa alama zote. Sasa tazama: nusu ya 75 ni 37.5, kwa hiyo 37 haifiki nusu. Nusu ya 81 ni 40.5, kwa hiyo 41 imevuka nusu. Kwisha. Konda wa matatu ya Umoja anayerudisha chenji ya watu 6 huku ananing'inia mlangoni hesabu zake huwa ni za namna hii. Hata kikokotoo kilichowekwa kwenye kioo kilikuwa kinanichelewesha, maana nilikikimbilia kabla ya kufikiri.

Upande wa lugha nitapita haraka. Pale shida yangu ilikuwa msamiati, si saa, na msamiati hauna ujanja, ni kadi kwenye matatu kwenda na kurudi hadi konda akufahamu.

Muda wa kusoma wenyewe nilikuwa nauokota vipande vipande. Usiku haikuwezekana, jirani wa ghorofa ya juu ana wufa na anapenda nyimbo za zamani. Nikahamia saa kumi na moja kasorobo alfajiri: seti moja ya dakika 21, kisha kama nusu saa ya kupitia nilichokosa, kisha kuoga na shule. Tokeni za stima zikiisha, tochi ya ileile mulika mwizi. Seti ya pili niliifanya mapumziko ya chai ya saa nne, ndani ya ofisi ya walimu, kwa makusudi, kwenye kelele. Mwalimu wa Kiswahili alikuwa ananipita na kikombe chake akisema, "Madam, haraka haraka haina baraka." Nilimwambia methali hiyo aipeleke kwa waliotunga mtihani.

Mtihani ningeweza kuufanyia nyumbani, wanaruhusu, lakini humo chumbani haruhusiwi mtu mwingine kuingia, na mimi na ndugu yangu tunaishi chumba kimoja na sebule. Tena kuna stima, kuna wufa. Nikachagua kituo.

Jumamosi moja ya Agosti nilifika saa nzima kabla. Saa ya mkononi unaiacha kwenye kabati pamoja na simu. Unaonyesha pasipoti, unageuza mifuko nje, unapewa penseli na karatasi za rafu. Insha kwanza. Kisha nikaandika 14 na 7 juu ya karatasi, na nakumbuka mkono ulikuwa umetulia. Sehemu ya kwanza ya hesabu nilimaliza ikiwa imebaki dakika 4. Ya pili ilikuwa ngumu zaidi, na hiyo ni dalili nzuri kwa sababu ugumu wake hutegemea ulivyofanya ya kwanza. Hapo nikakutana na swali la jometri ambalo sekunde 90 zilinikuta nimechora duara tu. Nikachagua C, nikaweka alama, nikasonga. Nililirudia imebaki dakika moja na nusu, nikalitazama kama unavyomtazama mtu aliyekopa pesa zako, nikaliacha na C yake.

Kompyuta ikaonyesha 163 ya hesabu na 155 ya lugha.

Swali lenyewe siwezi kuwaambia, tuliahidi kwa maandishi kutoyatoa nje. Ila kwenye matatu ya kurudi nilikaa dirishani, foleni ikatushika kuanzia Muthurwa, nikatoa risiti ya supamaketi na biki. Mama aliyekaa karibu nami akasogeza mzigo wake ili mkono wangu upate nafasi. Tulipofika Hamza nilikuwa nimeshapata: haikuwa C.