Kozi ya Watu Mia Saba

Mwaka 2013 matokeo ya muhula wa kwanza yalibandikwa kwenye ubao wa idara chuo kikuu, kurasa kwa kurasa, namba za usajili tupu bila jina hata moja. Kwenye kozi ya pamoja, iliyokuwa na wanafunzi wapatao 700, mbele ya namba yangu palisomeka: testi ya kwanza 0, testi ya pili 7, semina 6, mtihani wa mwisho 26. Jumla 39. Ufaulu ulianzia 40, kwa hiyo hiyo ilikuwa sapu, yaani mtihani wa kurudia. Na testi ya kwanza niliifanya, karatasi ikarudi ina 12 kati ya 15 kwa wino mwekundu.

Wanaolalamikia vyuo vikuu vikubwa vya umma hapa Dar es Salaam huanza na msongamano, na hawasemi uongo. Ukumbi wa viti 500 ulikuwa unapokea watu 700. Waliokwama kwenye foleni ya Kimara, wakati ule Barabara ya Morogoro imefumuliwa kwa ajili ya mabasi ya mwendokasi, walikaa kwenye ngazi au kusimama madirishani. Kipaza sauti kikiisha betri, wa nyuma wananakili wanachonakili wa mbele. Ila hayo mtu huyazoea. Madesa, yaani nakala za notisi, yalikuwa steshenari, shilingi 50 kwa ukurasa wakati ule, na mhadhiri mzuri ni mzuri hata ukimsikilizia ngazini. Nisichokizoea mpaka leo ni kwamba kati ya mwanafunzi na aliyemfundisha kuna orodha tatu au nne, na mojawapo ikikosewa hakuna mtu anayemjua kwa sura akasema, “Huyu alikuwepo.” Kwenye chuo cha ualimu chenye darasa la watu 40, mkufunzi mwenyewe angeiona hiyo sifuri akashtuka.

Sifuri yenyewe ilizaliwa hivi. Hakuna mhadhiri anayesahihisha karatasi 700 peke yake. Zinagawiwa kwa wasaidizi wake, kila mmoja na makundi yake ya semina, na kila mmoja anajaza alama kwenye orodha iliyochapwa mwanzoni mwa muhula. Mimi nilikuwa nimepangiwa semina ya Jumanne, ikagongana na kozi nyingine, nikahamia ya Ijumaa kwa ruhusa. Kwenye orodha ya Ijumaa jina langu halikuchapwa, hivyo msaidizi aliliongeza kwa mkono chini ya ukurasa, pamoja na ya wenzangu waliohama. Aliyeingiza alama za testi ya kwanza kwenye kompyuta alifuata majina yaliyochapwa tu. Kwa Jumanne nilikuwa na mstari lakini sina alama, na kisanduku kitupu kwenye jedwali la Excel hakipigi kelele: ukijumlisha, kinahesabika kama sifuri. Hakuna aliyeninyima chochote.

Ushauri wa kwanza niliopewa koridoni ulikuwa nilipie rufaa. Huo ndio unaopoteza wengi. Rufaa hupeleka karatasi ya mtihani wa mwisho kwa msahihishaji mwingine, na alama za kozi, yaani za testi na semina, zinabaki kama zilivyo. Ningelipa ada, nikasubiri wiki kadhaa, kisha nikarudishiwa 26 ileile na sifuri yangu pembeni. Alama za kozi zikikosekana, dawa ni fomu ya marekebisho, inayoanzia kwa msimamizi wa kozi, inapita kwa mkuu wa idara na kuishia kitivoni. Tena kuna muda wake. Yaliyokuwa yakibandikwa ubaoni kwanza yalikuwa matokeo ya muda, na mpaka yapitishwe na Seneti, kikao kikuu cha taaluma cha chuo, idara iliweza kuyasahihisha kwa saini zake. Yakishapitishwa, kubadili tarakimu moja kulihitaji kikao kingine cha ngazi ileile.

Ofisini nilimkuta karani, mama wa makamo, meza imejaa mafaili.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Namba ya usajili?”

Jina hakuliuliza, na simlaumu. Majina yanafanana, namba hazifanani. Alipitisha rula kwenye orodha, akaniambia, “Hapa huna testi.” Nikamwonyesha karatasi. Akaigeuza, akaangalia kwanza saini ya msahihishaji, kisha tarehe, kisha ile 12, na hapo ndipo akavuta droo na kutoa fomu.

Bila ile karatasi mazungumzo yangeishia kwenye rula. Na kuwa nayo ilikuwa bahati nusu. Testi zilikuwa zinarudishwa kwa kumwagwa juu ya meza koridoni, watu mia saba wanachakura kama mtumba wa Karume, wengine wanaondoka na za wenzao ili wakaone majibu. Msaidizi wa Ijumaa alikuwa ameshaondoka kwenda masomoni nje ya nchi. Orodha yake ya mkono ilipatikana kwenye boksi faili baada ya CR, mwakilishi wa darasa letu, kumbembeleza karani siku nzima, na majina yetu yalikuwepo pale chini, yameandikwa kwa penseli.

Mtu anaweza kusema, sapu si mwisho wa dunia. Sapu hufanywa Septemba, wakati wa likizo ndefu, na bumu, ile pesa ya mkopo ya kujikimu, ambalo miaka ile lilikuwa shilingi 7,500 kwa siku, halihesabu siku za likizo. Uliyepanga uswahilini unamlipa mwenye nyumba kutoka mfukoni, na wenye nyumba wa Dar wanataka miezi sita kwa mkupuo. Ukifaulu, unaandikiwa C hata kama umepata 80, na hiyo C inaingia kwenye GPA, wastani wa alama zako zote, mpaka siku ya kuhitimu. Ukifeli ni kerio, unaibeba kozi mwaka unaofuata, na ratiba inagongana upya.

Orodha iliyosahihishwa ilibandikwa kabla ya kikao cha Seneti: 51, yaani B. Waliohama kundi pamoja nami wakapata alama zao kwa ile orodha ya penseli, isipokuwa wawili ambao penseli ilikuwa imefutika na karatasi zao zilichukuliwa pale koridoni. Hao walirudi Septemba.